Nyota Nilizozifuta

Nilipofika msibani, fundi seremala alikuwa bado anaandika msalaba. Alikuwa ameuegemeza kwenye ukuta wa jiko, ameinama na kopo la rangi nyeusi na brashi nyembamba, na watoto wawili wamesimama nyuma yake wakisoma herufi kwa sauti kadiri zinavyotokea. Tabitha Elia. Chini yake, mwaka wa kuzaliwa. Nilisimama na begi langu begani nikasoma na mimi, kwa sababu jina lile ndilo lililo kwenye vyeti vyangu vyote, kwenye barua yangu ya ajira, na kwenye kitambulisho nilichoonyesha asubuhi ile nilipokata tiketi ya basi Singida mjini. Na mwaka ule ndio serikali inaoamini kwamba nilizaliwa. Si kila mtu anajaliwa kuuona msalaba wake ukiandikwa. Nilimpa fundi pole ya kazi, naye akanijibu bila kugeuka, akaendelea na brashi yake.

Mimi nilizaliwa Rebeka, miaka mitatu kabla ya Tabitha, katika kijiji kilekile chini ya mteremko wa Sekenke, jirani na kwao, tukakua kama ndugu. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, nikarudi kwenye jembe. Tabitha alipomaliza alichaguliwa, msichana peke yake shule nzima, na mwezi uleule shimo la dhahabu likamfunika baba yake. Mama yake akabaki na wadogo watano na Tabitha hakwenda. Mwalimu mkuu akasema nafasi ya sekondari haiachwi ioze, wazee wa pande mbili wakaketi nusu siku, na ilipofika jioni nikawa Tabitha. Nilikabidhiwa cheti chake cha darasa la saba kikiwa kimekunjwa ndani ya bahasha. Wakati ule jambo hilo halikuwa geni huku kwetu. Watu walisoma kwa majina ya wenzao kama mtu anavyoazima shati la kwendea mjini. Watoto wa Tabitha wanaijua habari hiyo na huwa wanacheka wanapoisimulia. Kuna habari nyingine wasiyoijua, au ndivyo nilivyodhani.

Neema, binti yake mkubwa, alinipokea begi, akanisalimia shikamoo, akaniketisha kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Tulipomaliza kula makande alinijia na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. "Mama mkubwa," alisema, "wewe ndiye utakayesoma historia ya marehemu. Wewe ni mwalimu, tena ndiye uliyemjua tangu utoto." Nikavaa miwani. Ilikuwa historia fupi, ya mwandiko safi: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kazi ya kuponda mawe ya dhahabu, kifua kilichomsumbua kwa vumbi la mawe hayo. Katikati kulikuwa na mstari huu: Marehemu alitamani kusomea uuguzi lakini hakufanikiwa kwa kuwa cheti chake cha darasa la saba kilipotea. Cheti hakikupotea. Nilikuwa nacho mimi, na niliposema kimepotea nilikuwa nimekikalia. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana, na hadi saa hiyo nilitakiwa niamue kama nitausoma mstari ule mbele za watu kama ulivyo.

Mwaka wa uongo huo ulikuwa ule niliosoma kidato cha tano Singida mjini. Shule haikuwa na bweni la kututosha wasichana, hivyo mjomba akanitafutia chumba Utemini, kwa fundi saa mmoja mwenye asili ya Kihindi aliyeitwa Mzee Kanti. Duka lake lilikuwa mbele, nyumba katikati, na chumba changu mwisho wa ua, kati ya stoo na bafu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyokosa mguu mmoja, na sanduku langu la bati chini ya kitanda. Upepo wa Singida, ambao asiyeujua asisimuliwe, ulikuwa ukiingia chini ya bati na kulitikisa mchana kutwa. Kutoka dukani nilisikia saa za ukutani zikigonga, kila moja kwa wakati wake, maana Mzee Kanti aliisahihisha moja tu akaziacha nyingine zibishane. Sharti la mke wake, Mama Jyoti, lilikuwa moja: nyama isipikwe uani. Nilipika ugali wa uwele na mlenda kwenye jiko langu la mkaa, na siku nyingine Mama Jyoti aliniletea dengu na wali kwenye bakuli la chuma, akasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Nilikuwa na miaka ishirini. Kwenye rejesta nilikuwa na kumi na saba.

Mzee Kanti alikuwa na ugonjwa wake mmoja nao ulikuwa nyota. Kaka yake aliyeko ng'ambo alimtumia majarida ya elimu ya nyota, yakafika yamechakaa, na yeye akayapanga kwenye kabati la vipuri vya saa. Lakini miaka mingi ya kuchungulia ndani ya saa kwa kioo cha kubana jichoni ilikuwa imemchosha macho, tarakimu ndogo zikawa zinamkimbia. Aliposikia nasoma fizikia aliniita dukani alasiri moja akanionyesha jarida lenye jedwali refu. "Binti, mkono wako umetulia?" aliniuliza. Nikasema umetulia. Akanipa karatasi kubwa ya grafu na penseli iliyochongwa kama sindano. Jedwali lilikuwa la nyota za kundi moja kongwe, na kila nyota ilikuwa na namba mbili: rangi yake na mng'ao wake. Kazi yangu ilikuwa kuweka nukta. Kushoto ziende nyota za bluu, zile zenye joto kali. Kulia nyekundu, zilizo baridi kuliko nyingine. Juu zinazong'aa sana, chini zilizo hafifu.

Niliifanya kazi hiyo wiki tatu, kila nilipotoka shule, kwenye ncha ya meza yake ya ufundi huku akifungua na kufunga saa za watu. Nukta zikaanza kujipanga zenyewe. Zilitoka chini kulia, zikapanda kwenda juu kushoto kama njia ya ng'ombe inayopanda kilima, halafu zikafika mahali zikakata kona na kurudi kulia. Mzee Kanti alinieleza kona ile bila kuinua kichwa. "Hizi zote zimezaliwa pamoja. Rika moja. Tofauti yao ni uzito tu. Nyota nzito inawaka bluu, lakini inamaliza kuni zake upesi, inazeeka mapema. Nyepesi inatumia kidogo kidogo. Sasa kundi likizeeka, za bluu zinakwisha kwanza. Ukiona kona iko wapi, umejua umri wa kundi." Nilipenda maneno hayo. Nilipenda kwamba kitu kilicho mbali kiasi kile kilikuwa na rejesta isiyodanganya.

Kwa sababu hiyo nilishtuka nilipofika kurasa za mwisho za jedwali. Nukta kama kumi ziligoma kukaa kwenye njia. Zilikwenda juu kushoto, kupita kona, mahali ambapo kwa maelezo ya mzee hapakupaswa kuwa na nyota yoyote iliyosalia. Zilikuwa bluu kuliko umri wao. Shuleni tulifundishwa kwamba nukta iliyo nje ya mstari ni kosa la mpimaji, na mimi ndiye niliyekuwa nikipima. Lakini nisijifiche nyuma ya shule. Mtu anayeishi kwa umri usio wake hapendi kuona kitu kilichokaa mahali pasipo pake, kinang'aa na kila mtu anakiona. Nilichukua kifutio nikazifuta zote, nikapuliza vumbi la karatasi, nikamkabidhi mzee grafu safi. Hakuweza kuona. Ila alipitisha ncha ya kidole juu ya karatasi, polepole, kidole kilichozoea kutafuta skrubu ndogo kuliko punje ya uwele, na kilipofika juu kushoto kikasimama.

"Hapa karatasi imechubuka," alisema. "Ulikuwa umeandika nini?"

"Nilikosea, mzee. Nikafuta."

"Ngapi?"

Nikamwambia. Alivua miwani akacheka, kicheko kifupi cha pumzi. "Hukukosea. Hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta. Hizi nyingine zote nilikupa uandike ili hizo zionekane. Zirudishe."

Maelezo yenyewe niliyapata Jumapili, jikoni kwa Mama Jyoti, alipokuwa akikata unga wa chapati kwenye matonge. Mzee Kanti aliingia akachukua matonge mawili bila kuomba, akayaweka karibu karibu kwenye ubao. Alisema nyota nyingi haziishi peke yao. Zinaishi mbili mbili, zikizungukana. Mmoja wa wenza akizeeka, anavimba. Akivimba sana hawezi kujishika, ile ngozi yake ya nje inamwagikia mwenzake. Akamega tonge la kwanza, akabandika kwenye la pili, akamega tena. "Huyu anayepokea anakuwa mzito. Akiwa mzito anawaka zaidi, rangi yake inageuka bluu. Ukimwona unasema huyu kijana, amezaliwa juzi. Si kijana. Ni wa rika lilelile, amekula cha mwenzake." Nikamwuliza kama ndiyo njia pekee. Akasema wapo wanaosema kwamba nyota mbili zikigongana zinaungana kuwa moja, na akayafinya matonge yote mawili kuwa donge moja kubwa kuonyesha. "Ipi ni kweli?" nikauliza. "Wanabishana," alisema. Mama Jyoti alimpokonya lile donge. "Na mimi nilihesabu chapati kumi," alisema. "Nani atakosa sasa, wewe au huyu binti?"

Nilicheka pamoja nao, nikala chapati yangu, nikarudi chumbani. Siku hizohizo nikiwa bafuni nafua, nilimsikia Mama Jyoti akiongea na jirani yetu kwenye bomba. "Anasema kumi na saba. Kumi na saba wapi? Mimi nimelea mabinti watatu. Huyu ishirini imeshapita." Jirani akasema labda ni jua la shamba, linakomaza watu. "Jua halimpi mtu akili ya mtu mzima," Mama Jyoti alijibu, na ndoo yao ikajaa wakaondoka. Darasani nilikuwa wa kwanza. Walimu walinitaja mbele ya wenzangu kuwa ni msichana mdogo mwenye kipaji, nami nikakivaa kilemba hicho cha ukoka na kukirekebisha kikae vizuri. Wenzangu walikuwa watoto kweli. Mimi nilikuwa mtu aliyelima misimu mitatu akijua hatarudi darasani, kisha akarudishwa. Mtu wa namna hiyo hasomi kwa kipaji, anasoma kwa woga.

Tabitha alikuja mwezi wa kwanza, Jumamosi, mvua imetoka kukatika. Nilimsikia kabla sijamwona. "Dada Rebeka! Dada Rebeka!" aliita tangu langoni, na Mama Jyoti alikuwa amesimama hapohapo anachambua mchele. Nikatoka mbio. Alikuwa amelowa kuanzia magotini kwenda chini, amebeba mfuko wa karanga kichwani na kuku jike kwapani, aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. "Rebeka ni nani?" Mama Jyoti aliuliza. Nikasema ndilo jina langu la nyumbani, ambalo lilikuwa jibu la kweli kuliko majibu yangu yote ya mwaka ule. Mama Jyoti akamtazama Tabitha, akamtazama kuku. "Kuku huyo hachinjwi hapa," alisema. Tabitha aliniangalia kwa mshangao, maana alikuwa amembeba kuku yule kutoka Sekenke ili nile nyama. Tukamfungua kamba uani. Alikaa pale hadi nilipohama, akitaga mayai ambayo hakuna aliyeyala isipokuwa mimi.

Nilimpikia ugali na mlenda, nikamtolea dengu zilizobaki. Alikula taratibu, akinipa habari za nyumbani: nani ameoa, ng'ombe wa nani amekufa, mdogo wake wa mwisho ameanza shule. Alikuwa na miaka kumi na saba, ile iliyoandikwa kwangu, na mikono yake ilikuwa mikavu na imepasuka kwa kuponda mawe. Alipomaliza alinawa, akafuta mikono kwenye kanga, akasema kilichomleta. Hospitali moja upande wetu ilikuwa inachukua wasichana wa kufundishwa uuguzi msaidizi. Muuguzi mkuu alikuwa anamfahamu, alimwona akimhudumia mama yake wodini, akampenda. "Hawataki sekondari," alisema. "Wanataka cheti cha darasa la saba tu. Nitakionyesha, halafu nitakirudisha. Mwisho wa mwezi ndio mwisho." Alikuwa ameketi kitandani kwangu. Sanduku la bati lilikuwa chini yake, visigino vyake vikiligusa, na cheti kilikuwa humo ndani, juu kabisa ya nguo.

Nimekuwa na zaidi ya miaka arobaini ya kupanga upya kile nilichofikiri katika muda ule, na naweza kukipanga kikapendeza. Nilijua orodha za hospitali zilipelekwa kwa afisa elimu. Nilijua Tabitha Elia wawili, wa shule moja na mwaka mmoja, wasingepita machoni pa karani yeyote aliye macho. Ningefukuzwa. Mwalimu mkuu wa kijijini aliyetia sahihi angefukuzwa pia. Sababu zote hizo ni za kweli. Lakini ukweli wa chini kabisa ni kwamba nilikuwa nimeshapenda kuwa Tabitha. Nilipenda kuitwa wa kwanza. Niliona yule aliyeketi mbele yangu ndiye anayetaka kuchukua kilicho changu.

"Kimepotea," nilimwambia. "Tulipokuwa tunahama bweni, kidato cha nne. Nilikitafuta sana."

Aligeuka akatazama nje. Kuku alikuwa anaparura mlangoni. Kisha akasema, "Basi," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa basi la mwisho limeshaondoka. Hakuniuliza swali hata moja juu ya cheti. Aliinuka akaenda kwenye ukuta nilikobandika nakala yangu ya grafu, akaitazama kwa muda. "Hivi vidoti ni nini?" Nikamwambia ni nyota. "Na hivi vilivyojitenga huku juu?" Nikamwambia hivyo navyo ni nyota, ila vinaonekana vichanga kuliko vingine. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia hata wataalamu hawajui, wanabishana. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili wa siku ile, na ndio ulioniuma upesi zaidi, kwa sababu Tabitha alikuwa na akili kuliko mimi na angeelewa kwa neno moja.

Tulilala kitanda kimoja kama zamani. Asubuhi nilikwenda bombani kuteka maji ya kuoga, na niliporudi nilikuta amefagia chumba, amekunja kanga zangu, amefunga mfuko wake. Hakutaka chai. Nilimsindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema nisome kwa bidii, na sikusikia kijembe chochote katika maneno yake, ingawa nilikitafuta. Wiki iliyofuata nilikitia cheti kwenye bahasha nikaenda nacho posta. Nilisimama kwenye foleni mpaka alipobaki mtu mmoja mbele yangu. Nikatoka. Nilikwenda tena siku mbili kabla ya mwezi kwisha, safari hiyo sikufika hata kwenye foleni.

Mzee Kanti aliona kwamba nimebadilika, akadhani ni mitihani. Jioni moja, mara tu giza lilipoingia, aliniita uani akanielekeza Kilimia. Vile vinyota vilikuwa vimesongamana juu ya paa la stoo, na akanipa darubini yake ndogo nione rangi. "Hizi nazo ni bluu, lakini hizi ni vijana kweli," alisema. "Kundi lao ni changa. Hazijala cha mtu." Nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ya chapati. Nilimwuliza yule aliyetoa anakuwaje. "Anabaki," alisema. "Anabaki kiini tu. Kidogo, cheupe, kizito. Bado anazunguka na mwenzake palepale. Lakini huyu mwingine anawaka mno, humwoni." Nikarudisha darubini nikasema nina usingizi. Ilikuwa saa moja na nusu.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia maisha yangu yote ya kazi. Niliwafundisha watoto nyota za bluu ingawa hazikuwa kwenye mtaala, na nilizifundisha vizuri. Miaka mingi baada ya Mzee Kanti kufariki nilisoma kwamba darubini iliyopelekwa angani ilizitazama nyota kama zile katika kundi jingine kongwe, kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, na pembeni ya kadhaa kati yao ikawaona wale weupe wadogo. Ubishi wa jikoni kwa Mama Jyoti ukawa umepata sehemu kubwa ya jibu lake: zinaweza kugongana, lakini katika makundi ya namna hiyo nyingi zimelishwa na wenza. Nilisoma pia kwamba nyota ya bluu ikizeeka nayo huvimba, na baadhi ya kile ilichopokea huweza kumrudia yule aliyetoa. Sikufarijika. Nyota hazina dhamiri. Zinarudisha kwa sababu ya uzito, si kwa sababu zimeona haya.

Tabitha aliolewa, akazaa, akaponda mawe ya dhahabu mpaka kifua kikakataa. Nilimsomesha Neema hadi chuo cha uuguzi na watu wakanisifu mno, naye Tabitha akawa wa kwanza kunisifu. Alikuja kwangu mara nyingi. Tulikula pamoja, tulizikana wazazi, na hakukitaja cheti hata siku moja. Mimi nilistaafu miaka mitatu baada ya wakati wangu, wenzangu wa rika wakiwa wameshainama kwa umri, watu wakisema Mwalimu Tabitha hazeeki. Mume wangu aliniita Tabitha mpaka anakata roho. Hakuna siku niliyosikia jina lile nisikumbuke mtu mwingine.

Kesho yake saa saba na nusu turubai lilikuwa limejaa. Mchungaji alikuwepo, mtendaji wa kata alikuwepo, na walimu sita niliowafundisha mimi mwenyewe walikuwa wamepanga viti mstari wa pili. Jeneza lilikuwa mbele na msalaba umelazwa juu yake. Nilipewa kipaza sauti. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo, nikasoma kuchaguliwa kwenda sekondari na msiba wa baba yake, kisha nikafika kwenye ule mstari. Nilivua miwani, maana bila miwani sioni nyuso.

"Hapa pameandikwa cheti chake kilipotea," nilisema. "Hakikupotea. Alikuja kwangu Utemini kukiomba, nikamwambia kimepotea, na kilikuwa ndani ya sanduku langu. Nilikuwa natumia jina lake na niliogopa kulipoteza. Angekuwa muuguzi. Ni mimi niliyemzuia. Mimi naitwa Rebeka."

Spika ilikoroma. Kuna mtu alikohoa, na mwanamke mmoja nyuma akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Sikujua nifanye nini baada ya hapo, kwa hiyo nikasimama tu mpaka mchungaji alipogusa kiwiko changu akasema, "Endelea kusoma, mwalimu." Nikavaa miwani nikasoma ndoa, watoto, kazi na ugonjwa hadi mwisho. Tukaenda kaburini. Watu waliniachia nafasi pande zote, si kwa chuki, bali kama watu wanavyompisha aliyebeba maji ya moto.

Tulipomaliza kuzika nilikwenda kunawa kwenye karai lililowekwa nyuma ya nyumba. Neema alikuja akachukua jagi akanimiminia maji. Nilimwambia sina uso wa kumtazama, na kwamba akitaka nisikanyage tena kwao nitamwelewa. Aliendelea kumimina.

"Mama alikiona," alisema.

Nikamwuliza aliona nini.

"Cheti. Asubuhi ile ulipokwenda bombani, alifungua sanduku aweke kanga zako alizozikunja. Kilikuwa juu kabisa. Aliniambia mwezi uliopita, nilipokuwa namuuguza."

"Na hakukichukua?"

"Alisema alikishika, akakirudisha." Neema aliweka jagi chini. "Na ule mstari, mama mkubwa, sikuutunga mimi. Alinitajia yeye mwenyewe neno kwa neno nikaandika. Nikamwambia, lakini mama, si unajua hakikupotea? Akasema, 'Andika kilipotea. Atakayesoma ni dada Rebeka, na watu watakuwa wengi, sitaki aaibike.'"

Mikono yangu ilikuwa bado imelowa. Niliishika mikono ya Neema kwa hiyohiyo, nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.